Kwa wanaokwenda JKT, maandalizi yaanze Machi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi, walimu na vijana wa kidato cha sita kuhusu safari ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita. Tangu mafunzo haya yarejeshwe mwaka 2013, baada ya kusitishwa mwaka 1994, mambo yanajirudia. Majina yanatoka, watu wanakimbilia sokoni kutafuta bukta na fulana ya kijani, begi linafungwa, kijana anapanda basi. Begi liko tayari, miguu bado.

Tuangalie kalenda. Mtihani wa kidato cha sita huanza mapema Mei na kumalizika wiki ya tatu au ya nne ya mwezi huo. Kwa miaka ya karibuni vijana wamekuwa wakitakiwa kuripoti makambini mwishoni mwa Mei au wiki ya kwanza ya Juni. Kati ya karatasi ya mwisho na lango la kambi kuna wiki moja, pengine mbili, na humo humo kuna siku za kusafiri. Aliyepo Mtwara akipangiwa Bulombora, kule Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, lazima alale njiani. Kabla ya hapo kijana ameshinda kwenye dawati miezi mitatu. Shule nyingi zina mchakamchaka wa asubuhi, lakini watahiniwa husamehewa ili wajisomee. Basi anafika kambini hajakimbia tangu Februari, na muda si mrefu yuko barabarani alfajiri na kombania nzima.

Wengi hudhani pumzi ndiyo itakayomshinda. Pumzi hurudi upesi; baada ya wiki mbili tatu kijana mwenye afya anakimbia huku anaitikia nyimbo. Kinachochelewa ni mfupa. Mfupa ukipewa kazi usiyoizoea, mwili hubomoa kwanza sehemu zilizochoka ndipo ujenge nyingine imara zaidi, na kubomoa huenda haraka kuliko kujenga. Matokeo yake, baada ya wiki kama tatu za kukimbia, kwata na kusimama muda mrefu, mfupa wa mguu unakuwa dhaifu kuliko siku ulipofika, wakati mazoezi ndiyo kwanza yanapamba moto. Hapo ndipo unapopata ufa.

Ufa huo kuruta wengi huuchukulia kuwa uchovu, kwa hiyo nieleze namna ya kuutambua. Maumivu ya misuli huenea, yanachukua eneo la kiganja kizima, na hupungua mwili ukishapata moto. Ufa wa mfupa unakaa mahali pamoja, padogo kama ncha ya kidole, mara nyingi upande wa ndani wa ugoko au juu ya wayo. Pabonyeze kwa dole gumba, utaona anavyoruka. Mwanzoni panauma akikimbia tu, halafu panauma akiwa amesimama paredi, mwishowe panauma hata usiku amelala. Anayeona dalili hizo aende zahanati ya kambi siku hiyohiyo na amwambie afande wake waziwazi. Akipumzishwa mapema, wiki kadhaa humtosha. Akijikaza ili asionekane mvivu, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili. Wasichana wako hatarini zaidi, hasa anayekula kidogo kwa kuogopa kunenepa au ambaye siku zake zimekatika miezi kadhaa.

Kinga yake haihitaji fedha. Ni dakika 30, mara nne kwa wiki, kuanzia mwanzo wa Machi hadi mwisho wa Aprili. Wiki mbili za kwanza atembee haraka tu, mwendo wa mtu anayewahi gari. Wiki ya tatu na ya nne atembee dakika nne, akimbie moja, arudie hadi muda uishe. Wiki ya tano na ya sita ageuze: akimbie nne, atembee moja. Ya saba apunguze kutembea, ya nane akimbie dakika zote 30 kwa mwendo unaomruhusu kuongea. Katika wiki moja aongeze muda au aongeze kasi, asiongeze vyote viwili, na akimbilie barabara ya udongo kuliko lami. Mei, wakati wa mitihani, dakika 20 mara mbili kwa wiki zinatosha kulinda alichojenga. Walimu wakuu wanaowaondoa watahiniwa kwenye mchakamchaka nawaomba wafikiri upya. Saa mbili kwa wiki haziwezi kumwangusha mwanafunzi, na mwili uliochangamka husoma vizuri zaidi.

Sasa viatu. Tangazo la wito hutaja raba za michezo za kijani au bluu, na kosa kubwa ni kuzinunua jana yake njiani. Raba mpya na mguu laini ni malengelenge siku ya pili. Zinunuliwe Aprili, jioni, maana mguu wa jioni umevimba kidogo kama utakavyokuwa kambini. Ajaribu akiwa amevaa soksi ileile nyeusi ndefu atakayotumia. Akisimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, na kisigino kisipande na kushuka anapotembea. Aikunje raba: ijipinde penye chanzo cha vidole. Ikijipinda katikati kama chapati, aiache dukani. Halafu azivae kila siku, saa moja au mbili, mpaka zijue mguu.

Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka, pembe zisichongwe, vinginevyo zitaota kuingia nyamani. Soksi ziwe jozi sita, si mbili. Soksi mbichi hulainisha ngozi, ngozi laini huchubuka, na mchubuko ukiingia udongo hugeuka kidonda. Lengelenge dogo lisiguswe. Kubwa linalozuia kutembea litobolewe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, maji yakamuliwe taratibu, na ile ngozi ya juu ibaki palepale kwa sababu ndiyo bandeji bora kuliko zote. Wengi huichana, na hapo ndipo usaha unapoanzia.

Vifaa vingine vimeelezwa vizuri kwenye tangazo, ila visomwe neno kwa neno. Bukta ni bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Shuka mbili ni bluu bahari. Traksuti ni ya kijani au bluu. Kila mwaka wapo wanaonunua mara mbili kwa kupuuza maneno hayo. Aliyepangiwa Mafinga, Itende au Oljoro asidharau agizo la nguo za baridi. Juni na Julai alfajiri ya huko si ya Dar es Salaam. Msichana abebe taulo za kike za miezi mitatu yote, pakiti nane hivi, asitegemee kununua huko. Nauli ya kurudi ifungwe mbali na fedha za matumizi.

Kuna suala la homa. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na huko ndiko yaliko makambi ya Bulombora, Kanembwa, Mtabila na Msange. Kijana aliyekulia Makete, Rombo au milima ya Lushoto hana kinga ya kutosha kama mwenzake aliyekulia bondeni. Akiumwa na mbu siku za mwanzo, ugonjwa hujitokeza kati ya siku ya saba na wiki mbili au zaidi, yaani wakati ambao kila mtu hangani, kwenye bweni la kambi, analalamika viungo. Ndiyo maana huchelewa kugundulika. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Abebe chandarua chenye dawa, na asimeze vidonge vya kubahatisha alivyopewa na jirani wa kitanda.

Linaloniuma zaidi ni wazazi wanaowaambia watoto wafiche ugonjwa. Nawaelewa. Cheti cha JKT huulizwa kwenye ajira za vyombo vya ulinzi na usalama, na hakuna anayetaka mwanawe arudishwe. Lakini pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo na selimundu (sickle cell) havifichiki kwenye mbio za alfajiri. Hata mtu mwenye kurithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye haumwi kabisa maishani, anaweza kuanguka akikimbizwa kwenye jua bila maji wala mapumziko. Kipimo chake ni cha damu. Kifanywe kabla ya safari, hasa penye historia katika ukoo. Mwenye pumu aende na dawa ya kuvuta mbili, moja ikae mfukoni. Wote wabebe barua ya daktari na waitoe siku ya kuripoti. Wenye ulemavu unaoonekana wamekuwa wakielekezwa Ruvu, Mlandizi, kwa sababu miundombinu ya kuwahudumia ipo pale. Wasikubali kushauriwa kwenda kwingine ili kuwa karibu na nyumbani.

Mwisho ni karatasi. Maombi ya vyuo na ya mkopo wa Bodi ya Mikopo hufunguliwa kijana akiwa kambini, na asitegemee kushika simu atakavyo. Ndiyo sababu tangazo humtaka aende na nyaraka za udahili. Nyumbani nako ibaki nakala ya kila cheti, pamoja na nywila ya barua pepe na namba ya mtihani, kwa mtu mmoja anayeaminika. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa kuwa Bodi ya Mikopo haikubali kisichohakikiwa, na Julai foleni huwa ndefu.

Ombi langu kwa JKT na wizara ya elimu ni dogo: orodha ya vifaa ibandikwe kwenye shule za kidato cha tano na sita tangu Januari, ikiwa na ukurasa mmoja kuhusu miguu, mifupa na homa. Wakuu wa shule wanaosoma barua hii wanaweza kuanza Machi hii bila kusubiri waraka.

Msomaji wako,
Morogoro