Kwa mwanangu, kabla washenga hawajajibiwa

Kihesa, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na baba yako mdogo naye amekuja kunieleza kwamba washenga wa yule mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga wanaomba kupokelewa rasmi. Yeye na shangazi zako wanaona kuwa mwanamke wa miaka 45 aliyefiwa na mume hapaswi kuiacha bahati ya namna hii. Umeniuliza ninasemaje, ukaniomba nisikufiche. Kati ya bwana huyo na yule mwalimu uliyeniandikia habari zake, ninasema usiolewe na bwana wa Mafinga, na nitakueleza kwa kirefu, kwa kuwa upande wa pili una watetezi wengi.

Sidharau mali. Shangazi zako wanakumbuka ulivyohangaika na ada za watoto baada ya msiba, na wanachotaka ni kukuona umepumzika. Hoja yao ingekuwa na nguvu kama ungekuwa binti wa miaka 22 anayeanza maisha na mume, akajenga naye na kuzaa naye. Kwa umri wako kuna jambo ambalo hawalitazami: mali ya yule bwana ina wenyewe tayari.

Hayo mashamba ya paini yanayosifiwa sana, yalipandwa na nani? Paini haikomai kwa msimu mmoja. Anayepasua mbao leo alipanda miaka mingi iliyopita, na aliyepanda na kupalilia pamoja naye ni marehemu mke wake, wakisaidiwa na watoto ambao sasa ni watu wazima na ndio wanaoendesha malori. Katika miaka yangu ya ukarani wa mahakama ya mwanzo nilifungua majalada mengi ya mirathi, na mara kwa mara niliyemwona amesimama peke yake mbele ya hakimu ni mke aliyeolewa ukubwani na mgane mwenye mali.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 58, inasema kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Ni kweli kwamba wanandoa wakiachana, kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyoichuma kwa juhudi za pamoja, na kwamba Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Lakini hapo huhesabiwa kilichopatikana ndani ya ndoa, au cha zamani kilichoendelezwa kwa kiasi kikubwa na wote wawili, wala si msitu ulioukuta umekwisha kusimama. Kwa upande wa kifo, mambo ni magumu zaidi. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema kwamba mjane hana fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Wewe hutegemei tena kuzaa, na watoto wa yule bwana si wewe uliyewalea. Ni watoto gani, basi, watakaokutunza katika nyumba ile? Anaweza kuandika wosia, sikatai, lakini katika barua yako yote sikuona mahali ulipoandika kwamba aliugusia.

Tena wewe si mtu asiye na kitu. Una nyumba yako hapo Makambako, una ekari yako ya parachichi ambayo imeshaanza kuzaa, na una mshahara wa uuguzi. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Yule bwana amekwisha kusema kwamba angependa uache kazi na kuhamia kwake. Sentensi hiyo uliiandika kwa kupita tu, nami imeninyima usingizi. Umebakiza miaka 10 kufikia umri wa kustaafu kwa hiari, na bwana huyo anataka uiache kazi uliyoisomea ili kila asubuhi umwombe fedha ya matumizi, huku wanawe wakikutazama.

Sasa nije kwa mwalimu, ambaye nduguzo hawataki hata kumtaja. Nimeisoma barua yako mara mbili na kuona kwamba habari zote za bwana wa Mafinga ni habari za vitu: nyumba, gari, mashine za kupasulia magogo. Habari za mwalimu ni za mtu. Umeandika jinsi anavyokungoja unapotoka zamu ya usiku, jinsi alivyokaa na mwanao alipougua malaria, na jinsi mnavyobishana juu ya bei ya mbolea hadi chai inapoa. Hukuandika kwamba unampenda, ila nimekuzaa mimi na ninaujua mwandiko wako unapofurahi. Ninyi nyote wawili mnaelekea miaka ya shinikizo la damu na ya magoti yanayokataa kupanda mlima. Wewe ni muuguzi, na unajua kuliko mimi ni nani hubaki kando ya kitanda muda wa kuona wagonjwa unapokwisha.

Hata hivyo, sitamkubali kwa kuwa tu ni mpole na hana mali. Walimu wengi hukopa benki na katika vyama vya kuweka na kukopa, kisha makato yakaumeza mshahara. Nataka akuonyeshe karatasi yake ya mshahara nawe umwonyeshe yako. Amesema waliachana na mke wake wa kwanza. Kuachana kwa maneno hakuvunji ndoa, kwa hiyo nataka kuiona talaka ya mahakama kwa macho yangu kabla ya taarifa ya siku 21 ya kusudio la kufunga ndoa kupelekwa popote. Hati za nyumba na za shamba zibaki kwa jina lako, kwa ajili ya watoto wako, na kama ni mtu wa kweli hatachukia kuambiwa hivyo. Kuhusu mahari, mtoto wangu, isikutie haya mbele ya shangazi zako. Kutolipwa kwake hakubatilishi ndoa kisheria, nami nitapokea alicho nacho kwa mikono miwili.

Washenga wa Mafinga nitawapokea kwa heshima, nitawapikia, kisha baba yako mdogo atawapa jibu ambalo wewe mwenyewe utakuwa umeniandikia. Usimwachie yeye alibuni. Mwalimu naye mwambie shule zikifungwa aje Kihesa pamoja na kaka yake mkubwa, na hiyo hati ya talaka asiisahau.

Mama yako