Yah: Vindoano vyenu vya hereni mlivyoandika "silva 925, haina nikeli" vimewatoa wateja wangu vidonda masikioni

Kwa meneja na wote mnaohusika na huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Naandika barua ndefu kwasababu kule WhatsApp kila nikieleza najibiwa na mtu mwingine, huyu hajui nilichoongea na yule, mwisho naambiwa pole dada tutalifanyia kazi na mazungumzo yanaishia hapo. Sasa naweka kila kitu sehemu moja ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Mimi natengeneza hereni, bangili na vikuku nyumbani kwangu Mbagala, nauza kwa watu wa mtaani na wale wanaoniona kwenye status na Instagram. Vitambaa napata kwa mafundi cherehani, vile vipande vya kitenge vinavyobaki wakishakata nguo, wengine wananipa bure wengine nawaachia hela ya soda. Nakata duara au umbo la tone kwenye boksi gumu, nagundisha kitambaa mbele na nyuma, natunga shanga kuzunguka ukingo, napaka vanishi, ikikauka natoboa juu, napitisha kiringi kidogo kwa plaizi alafu ndo naweka kindoano. Yani hereni nzima ni kitambaa, boksi na shanga, kitu kimoja tu ndo kinaingia kwenye tundu la sikio la mtu na kukaa humo kutwa nzima, kile kindoano. Na ndo kitu pekee ambacho siwezi kutengeneza mwenyewe, nalazimika kumwamini aliyeniuzia na alichoandika kwenye pakiti.

Ndo maana nilikuja kwenu. Vindoano vya kawaida Kariakoo viko kila kona, kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi, na bei yake ni ndogo kweli. Vya kwenu bei yake ni zaidi ya mara mbili na nililipa bila kulalamika kwasababu lebo ilisema ni silva 925 na haina nikeli, yale madini yanayowawasha watu wenye aleji, na dada aliyenihudumia kwa simu nilimuuliza kabisa, je hivi naweza kumwekea mtu mwenye masikio yanayosumbua, akasema bila wasiwasi. Nikabadilisha hereni zangu zote. Nikawaandikia wateja kwenye status kwamba kuanzia sasa hata wewe ambae masikio yako hayapatani na hereni za bei rahisi karibu, za kwangu utavaa. Wengi waliokuja ni hao hao, watu waliokaa miaka hawavai hereni.

Alafu ikaja oda ya kichen pati. Kamati nzima ilitaka hereni za kufanana, kitenge kimoja na sare zao, shanga nyeupe na dhahabu pembeni. Zilitoka nzuri mno, walizipiga picha, bibi harusi mwenyewe akanipigia kunishukuru. Kesho yake mchana simu ya kwanza, dada nimeamka masikio yanawasha. Keshokutwa yake wengine tena, huyu ametoa vipele, huyu sikio limevimba na linatoa majimaji, mmoja mpaka shingoni pale hereni ilipokua inagusa. Sio wote, nasema ukweli, wengine hawakupata chochote. Lakini waliopata ni wale wale walioniambia tangu mwanzo kwamba wana aleji, na nikawajibu wasiogope, maana ninyi mliniambia nisiogope.

Linaloniuma kuliko yote ni la mtoto. Jirani yangu alikuja kumnunulia mjukuu wake hereni ndogo za shanga, mtoto ndo ametoka kutobolewa, tundu halijakauka vizuri, na nilimpa kwa moyo mmoja nikijua hiki ni kitu salama. Sikio la mtoto lile lilioza jamani, alilia usiku kucha, wakampeleka zahanati ikabidi hereni zitolewe na tundu likaachwa lizibe. Daktari aliwaeleza kwamba aleji ya nikeli haipo tangu mtu anazaliwa, inaingia pale mwili unapojifunza kuikataa hiyo nikeli baada ya kuguswa nayo, na kutoboa masikio ndo njia kubwa inapoingilia, na mwili ukishaikataa mara moja unaikataa maisha yote. Maana yake huyu mtoto anaweza akakua akawashwa na kifungo cha jinzi, chuma cha kufungia mkanda, saa, miwani, vyote hivyo vikiwa na nikeli. Kwahiyo mnaponijibu kwamba ni vipele tu vitapona, hapana, kidonda kitapona ila aleji haiondoki.

Nilivyowatafuta mara ya kwanza mkaniambia tatizo ni ngozi za wateja. Mara ya pili mkaniambia wengine hawajalalamika. Mara ya tatu, na hii meseji nimeihifadhi, mkaniambia nipake vindoano rangi ya kucha ile isiyo na rangi ili visiguse ngozi. Hivi kweli? Kitu mlichoniuzia kwa kusema hakina nikeli mnanishauri nikipake ili nikeli isimguse mtu? Na hiyo rangi ya kucha inabanduka baada ya siku chache, hasa kwa jasho la Dar, na jasho lenyewe ndo linaloitoa nikeli kwenye chuma na kuipeleka kwenye ngozi, chumvi ya kwenye jasho inakula madini. Huku kwetu pwani mtu anatoka jasho kuanzia asubuhi kwenye daladala mpaka anarudi kulala, kwahiyo kitu ambacho kwenye nchi ya baridi kingekaa kidogo bila kusumbua hapa kinafanya kazi haraka.

Sikutaka kuwasingizia, ndo nikavipima. Cha kwanza sumaku. Silva haishikwi na sumaku, ya 925 maana yake katika sehemu 1000 sehemu 925 ni silva na zilizobaki mara nyingi ni kopa, yani shaba nyekundu, na kopa nayo haishikwi. Nilichukua sumaku ya spika iliyokufa nikamwaga vindoano vyenu mezani, vikarukia vyote vikaning'inia. Silva haifanyi hivyo, kwahiyo kuna madini mengine yanayoshikwa na sumaku, kama chuma au hata nikeli yenyewe.

Cha pili, mdogo wangu anasoma kemia chuo, akaongea na mtu wa maabara kwao wakanisaidia kipimo kile cha dimethailiglioksimu, ni dawa unaweka tone na amonia kwenye pamba alafu unasugua chuma kama nusu dakika, pamba ikibadilika kuwa ya pinki nikeli ipo. Kindoano kipya kutoka kwenye pakiti, pinki. Kingine kilichovaliwa kidogo, pinki iliyokolea zaidi. Tulijaribu pia kindoano cha zamani cha stenlesi nilichonunua sehemu nyingine, pamba ikabaki nyeupe. Picha zote nimeambatanisha, na pakiti yenu ikionekana pembeni pamoja na lebo yake.

Yule mtu wa maabara alinifafanulia kitu ambacho nadhani kwenu mnakijua vizuri kuliko mimi. Kwenye vito vya bei rahisi huwa wanapaka kwanza nikeli juu ya chuma au shaba kwasababu inang'aa na inashika vizuri, alafu juu yake ndo wanapitisha silva au dhahabu nyembamba sana. Ikiwa mpya inapendeza, ikishasuguana na sikio ile ya juu inaisha na nikeli inabaki wazi. Sasa kitu cha hivyo kuitwa silva 925 ni uongo, kiitwe kimepakwa silva, na mtu aamue mwenyewe kwa bei inayolingana.

Na msiniambie kwamba hivi vitu havipimiki au dunia nzima ndo inafanya hivyo. Umoja wa Ulaya walitunga sheria ya nikeli tangu 1994, na kwa sasa kwa kitu kinachoingia kwenye tundu la mwilini kama hereni nikeli inayotoka haitakiwi kuzidi maikrogramu 0.2 (maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, kwa vitu vingine vinavyogusa ngozi muda mrefu ni 0.5. Kipimo ni kile kinachotoka, maana hata stenlesi ya daraja la 316L ina nikeli ndani yake kama asilimia 10 mpaka 14 lakini imeshikwa humo haitoki ovyo, ndo maana watu wengi wanaivaa hawadhuriki. Kwahiyo mngekua mmeniuzia stenlesi na kuiita stenlesi nisingekua na ugomvi na ninyi, na pengine ningenunua nyingi zaidi.

Niwe mkweli, shanga zenu sina neno nazo. Zile za kioo za Cheki saizi namba 11 zimelingana, tundu lake linapitisha sindano mara mbili bila kupasuka, rangi haitoki hata nikiziloweka, na nilizitunga kwenye vikuku ambavyo vimevaliwa kuogelea Coco Beach vikarudi vilevile. Nawaambia hivi mjue sijaja kuwachafua, nimekua mteja wenu mzuri na nimewaletea watengenezaji wenzangu wengi, na ndo hao hao leo wana pakiti zenu ndani na hawajui wanawawekea watu nini masikioni.

Sasa hasara yangu. Hela ya kichen pati nimeirudisha yote, na niliowauzia kabla yao nimewaita mmoja mmoja nawabadilishia vindoano bure kwa vya stenlesi nilivyokopa kwa rafiki yangu. Wapo waliokubali kubadilishiwa na wapo walioniblok, na siwezi kuwalaumu. Biashara ya nyumbani haina fremu wala bango barabarani, ina jina lako tu kwenye midomo ya watu, na jina langu kwa sasa ni yule dada wa hereni zinazooza masikio.

Kuhusu sharti lenu kwamba pakiti ikishafunguliwa hairudishwi, hilo naomba mlifute kwenye jambo hili. Ningejuaje kilichomo bila kufungua? Kasoro haiko kwenye pakiti, iko kwenye chuma, na haionekani mpaka mtu avae.

Ninachotaka kwanza ni hela yangu yote ya vindoano, vilivyofunguliwa na ambavyo havijafunguliwa, risiti zangu za EFD ninazo zote na miamala ya lipa namba ipo kwenye simu. Pili mviondoe hivi vindoano dukani na kwenye kurasa zenu, au mbadilishe lebo iseme ukweli kwamba ni chuma kilichopakwa. Tatu, na hili kwangu ni kubwa kuliko hela, muwataarifu wote walionunua, namba zao mnazo maana mnatutumia matangazo ya ofa kila wiki, basi tumieni namba hizo hizo kuwaambia wasiviweke kwenye hereni za watoto wala za watu wenye aleji. Alafu mnionyeshe karatasi ya vipimo mliyopewa na aliyewauzia, kama ipo. Kama na ninyi mlidanganywa huko mlikoagiza semeni, tutajua wa kumfuata, ila mimi nilinunua kwenu, sikununua kiwandani.

Gharama za zahanati za yule mtoto nazo naomba mzibebe. Bibi yake hajaniomba, ni mtu wa heshima zake na hata lawama hajanitupia, anapita mlangoni ananisalimia kama zamani, lakini karatasi za zahanati nimeziomba kwake mwenyewe nimeziweka kwenye bahasha hii.

Nawapa siku 14 kuanzia siku mtakayopokea barua hii. Mkikaa kimya napeleka vindoano, picha na lebo zenu Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na nakala nitawapelekea TBS, shirika la viwango. Sitaki kufika huko, inachosha na mimi nina oda za watu za kumalizia, lakini nitafika.

Pakiti ambazo sijazifungua nimezitenga kwenye mfuko na lebo zake, mnaweza kutuma bodaboda wenu azifuate siku yoyote isipokua Jumapili, ila aje na hela au na uthibitisho wa muamala, bila hivyo mfuko hautoki.

Mteja wenu,
Mtengeneza hereni, Mbagala