Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: huyu dalali wa mkopo wa nyumba analipwa na nani?

Mheshimiwa Gavana, shikamoo. Na kwa salamu ya wenyeji wa hapa, mbukwa.

Mimi nina stesheneri ndogo karibu na Jamatini hapa Dodoma, naprinti, naskani, natoa kopi, nikipata nafasi nawajazia watu fomu za mtandaoni. Sio mtu wa benki. Ila makaratasi ya mikopo ya nyumba nayaona mengi sana maana kabla hayajafika benki yanapita kwenye mashine yangu, na tangu serikali ihamie huku kila mtumishi aliyechoka kupanga Ilazo au Kisasa anataka kwake, awe na kiwanja Nala, Nzuguni, Iyumbu, popote pale. Sasa nina swali, nitalizunguka kidogo uniwie radhi: yule dalali wa mkopo ambaye mtu anampata kupitia tovuti ya kulinganisha riba, analipwa na nani na ni nani anayemjua?

Inavyokuwa ni hivi. Mtu anagugo "mkopo wa nyumba riba nafuu", inakuja tovuti ina jedwali zuri la kupendeza, benki hii asilimia hii, benki ile asilimia ile, chini kuna kitufe kimeandikwa pata ofa yako. Anabonyeza, anaweka jina, simu, mwajiri, mshahara, wengine wanaombwa mpaka namba ya NIDA. Anajua atapigiwa na benki. Wapi. Jioni hiyo hiyo anapigiwa na kijana mwenye sauti ya kistaarabu kabisa, "naongea na dada fulani, mimi ni mshauri wa mikopo", kesho yake anapiga mwingine ambaye hata hamjui yule wa jana, keshokutwa anapiga wa tatu anataka kumuuzia kiwanja, na wote wanataka salari slipu, benki stetimenti ya miezi sita na picha ya hati, kwa wasap. Ndo hapo wanapokuja kwangu kuskani. Nikiwauliza unamtumia nani wananijibu benki. Nikiangalia namba ni ya mtu binafsi na picha ya profaili ni ghorofa la Dubai.

Tuanze na hilo jedwali kwanza. Kuna mwalimu alikuja niliprinti, juu kabisa kuna asilimia 9, chini yake 13, chini yake 15, na ile 9 ameshaizungushia kalamu nyekundu. Nikamwambia mwalimu ngoja tupige hesabu, yeye ndo anayefundisha hesabu lakini siku hiyo kikokotoo kilikuwa changu. Ile 9 ilikuwa ya mkopeshaji ambaye wala si benki, na ni riba ya flati, yaani inahesabiwa kwenye mkopo mzima ule wa mwanzo mpaka siku ya mwisho hata kama umeshalipa zaidi ya nusu. Ile 13 ni ya salio linalopungua, ukilipa deni linashuka na riba inashuka nalo. Chukua milioni 60 kwa miaka 15. Ile 9 ya flati inakutaka kama sh 783,000 kila mwezi. Ile 13 ya salio linalopungua inakutaka kama 759,000. Maana yake hiyo 9 ni ghali kuliko 13, na mpaka umalize umelipa zaidi ya milioni 4 za ziada, hapo bado ada ya kuandaa mkopo, mthamini, bima na usajili wa rehani. Jedwali halijasema popote ipi ni flati ipi sio flati, yamewekwa tu yakafuatana kama bei za mchele. Mwalimu alikaa kimya kidogo alafu akaniomba karatasi nyingine arudie hesabu mwenyewe, na akapata ile ile.

Na usifikiri huyo ni mtu asiyejua. Huyo ni mtu anayesoma, analinganisha, anafanya kila kitu tunachoambiwa kwenye semina za elimu ya fedha. Kalinganisha vizuri tu, ila alichopewa kulinganisha ndo kibovu.

Tuje kwenye hela. Tovuti haipangi hilo jedwali kwa sadaka, inalipwa mtu akibonyeza au inamuuza kwa dalali kama mteja mtarajiwa, na dalali anapata kamisheni mkopo ukitoka, wengine wanakata huku na huku, benki na mteja. Sina shida na kamisheni Gavana, kila mtu anakula kazini kwake na mimi nalipwa kwa karatasi. Shida ni kwamba haisemwi. Kama benki moja inamlipa na nyingine haimlipi unategemea hiyo nyingine ataitaja? Nesi mmoja mteja wangu aliambiwa kabisa kwamba benki inayopitishia mshahara wake imesimamisha mikopo ya nyumba kwa Dodoma, akakubali akaanza kuhangaika kuhamisha mshahara kwenda kwingine, bahati nzuri akapita tawini kwa shida nyingine kabisa akakuta afisa mikopo yupo, fomu zipo, na kuna jirani yake ndo anatoka kusaini. Dalali alipoulizwa akasema "mfumo wetu haukuwa na taarifa hiyo". Mfumo upi?

Alafu kuna hela ya faili. Hii ni laki, laki na nusu, inategemea na mtu anavyoonekana, inatumwa kwa simu, risiti hamna, eti ya kufungua faili benki. Nimeuliza maafisa mikopo wanaokuja kutoa kopi hapa, wanacheka, wanasema hamna faili la namna hiyo.

Na hili nalo nilitaka niseme, kuna mzee alikuja nimchapie barua ya ridhaa ya mke ili nyumba iwekwe rehani, kielelezo katumiwa na dalali wake. Nikamuuliza mama yuko wapi, akasema yuko Kondoa, kuna jirani atasaini. Nikamwambia mzee wangu shikamoo lakini hii sichapi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mwenza akubali kweli kweli nyumba ya familia ikiwekwa rehani, na ile karatasi ikija kufika mahakamani dalali atakuwa ameshabadilisha laini.

Haki isemwe, sio wote. Kuna mmoja namjua kwa kazi zake (simtaji, hajanituma) ambaye swali lake la kwanza kwa mteja sio mshahara, ni karatasi ya kiwanja. Hapo ndo unamjua dalali anayeijua Dodoma. Sisi huku makaratasi yetu ni mchanganyiko, kuna wenye hati za miaka 33 za CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja hapa Dodoma, toka kabla haijavunjwa 2017, kuna wenye hati za miaka 99, kuna wenye barua ya ofa ya kiwanja tu bila hati, kuna wenye mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa mtaa na hamna kingine. Hawa watu wanne wanaweza kuwa na mshahara sawa na kiwanja jirani lakini benki ikawapa majibu manne tofauti. Jedwali la mtandaoni halijui hilo. Huyo kijana anamwambia mtu ukweli mapema kwamba hapa kaka anza na ofisi ya ardhi, benki utakuja baadae, na hachukui hata mia kwa kumwambia hivyo. Dalali wa namna hiyo ana faida, maana mabenki yanayotoa mikopo ya nyumba nchini ni zaidi ya 30 na hamna mtumishi mwenye ruhusa ya kuzunguka matawi wiki nzima. Ila mteja atamtofautishaje na yule wa ghorofa la Dubai? Wote wanapiga simu, wote wanaitwa mshauri.

Angalia wengine Gavana. Dalali wa bima anatafuta leseni TIRA, wasimamizi wa bima. Dalali wa hisa yuko chini ya CMSA, wasimamizi wa masoko ya mitaji. Mthamini wa nyumba ana bodi yake na sheria ya 2016. Wakala wa benki mwenye kibanda pale Sabasaba nyuma yake kuna benki inayowajibika. Mkopeshaji mdogo ana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Novemba 2024 ofisi yako ilitoa orodha ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni, ile karatasi niliiprinti mpaka wino ukaisha, watu walikuwa wanaitaka. Sasa huyu wa kwetu hakopeshi, hapokei amana, hauzi bima. Anapita katikati tu. Ukimbana anasema mimi nimekuunganisha. Na tovuti ukiibana inasema sisi tunaonesha taarifa. Kila mmoja yuko pembeni kidogo ya sheria na mteja ndo yuko katikati.

Mdogo wangu anaishi Uingereza, kanunua nyumba kwa mkopo, na yeye alianzia kwenye tovuti ya kulinganisha bei ikampeleka kwa dalali, hivyo sio kwamba huku kwetu tumevumbua tatizo. Tofauti ni kwamba kule dalali wa mkopo wa nyumba anasimamiwa tangu Oktoba 2004, siku hizi chini ya mamlaka inaitwa FCA, na kuna daftari la wazi mtandaoni, unaandika jina unaona kama ana kibali au hana. Alipewa kwa maandishi dalali analipwa kiasi gani na anaangalia soko zima au mabenki machache tu. Na hata wao hawakuziacha tovuti, 2017 mamlaka yao ya ushindani ilizichunguza hizo tovuti za kulinganisha ikasema zinapaswa ziwe wazi zinavyopata hela. Sisemi tuige kila kitu cha Uingereza, baridi yao wakae nayo.

Tuje jirani basi. Kenya, Benki Kuu yao na chama cha mabenki walishaweka tovuti ya kulinganisha gharama za mkopo, unaweka kiasi na miaka inakuletea gharama yote, riba na ada pamoja. Hapo dalali akikwambia uongo unamfungulia simu unamuonesha.

Hicho ndo ninachokuomba Gavana, hilo jedwali liwe la kwako. Mabenki yanakuletea taarifa zao tayari, unajua nani anatoza nini, weka sehemu moja, Kiswahili, kwa milioni 50 au 60 na miaka 10, 15, 20, kila benki iseme mteja atalipa shilingi ngapi kwa mwezi na shilingi ngapi jumla mpaka mwisho, ada zote zikiwa ndani. Asilimia zikae pembeni kwa anayezitaka. Riba yako ya Benki Kuu iliposhushwa kuwa 5.75 Julai 2025 watu walikuja hapa wananiuliza mbona dalali bado anasema 17, nikawa nawaeleza mimi mwenye stesheneri tofauti ya riba ya sera, hiyo unayoipanga wewe, na riba ya mteja, ile benki inayomtoza mkopaji, sio kazi yangu ile, ingawa nadhani nilijitahidi.

Na hawa madalali waandikwe. Sio lazima leseni ya mamilioni, ukifanya hivyo yule kijana mzuri atashindwa na wa Dubai atalipa. Kila benki itangaze majina ya watu inaowalipa kamisheni, basi, hilo tu litasafisha nusu. Na dalali kabla hajaomba salari slipu aseme kwa meseji, nafanya kazi na benki hizi, nalipwa na huyu, kwako sichukui kitu au nachukua kiasi hiki. Anayeomba hela ya faili ajulikane kwamba anavunja utaratibu, kwa sababu saivi hamna utaratibu wa kuuvunja. Kanuni zako za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo na zinawataka watoa huduma wawe wazi, naomba tu zimfikie na huyu anayesimama mlangoni, maana serikali ilitunga sheria ya mikopo ya nyumba 2008, kampuni ya TMRC inayoyakopesha mabenki ikaanzishwa 2010 ili mabenki yapate hela ya muda mrefu, kazi kubwa yote hiyo alafu mlango anaushika mtu asiyejulikana ana laini mbili.

Zile namba za NIDA na salari slipu zinazozagaa kwenye wasap najua sio za kwako, ni za wenzako wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria ya 2022, nao wako hapa hapa Dodoma. Mkikutana naomba muongee. Mimi kwangu nikimaliza kuskani nafuta faili mteja akiwa anaona, lakini likishatoka kwenye simu yake sina mamlaka nalo.

La mwisho ni dogo na naomba nijibiwe hata kwa mstari mmoja. Dawati lako la malalamiko nalijua na nimeshawachapia watu barua za kwenda huko kuhusu mabenki. Je, linapokea lalamiko dhidi ya dalali ambaye hana benki, hana ofisi, kapatikana kwenye tovuti? Kama linapokea sema, kuna yule nesi na wenzake wako tayari kuandika hata kesho. Kama halipokei pia sema, ili nisiwatoze hela ya kuchapa.

Wasalaam,
Mwenye stesheneri, Jamatini, Dodoma