Bei ya New York ibandikwe kwenye mbao za AMCOS zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu wa kahawa wa 2022. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, hivi tunavyoviita AMCOS, huku Moshi Vijijini. Napima kahawa ya maganda wakulima wanapoileta, naandika stakabadhi, natunza daftari la malipo, na siku ya mkutano mkuu ndiye ninayesimama mbele kusoma hesabu.

Mtoto wa dada yangu yuko chuoni, anasoma biashara. Likizo iliyopita alikuja na daftari la somo la utangulizi wa biashara ya kimataifa. Jioni, baada ya kuosha vyombo, nikalifungua. Nikakuta thamani ya fedha, sheria za nchi za nje, meli na bandari, viwango vya ubora, vita na ukame vinavyopandisha bei. Mifano yote ilikuwa ya viwanda vya magari, simu na soda. Nikamwuliza, "Mwanangu, kahawa iko ukurasa gani?" Akasema, "Mama mdogo, kahawa haimo."

Niliumia, Mhariri. Kila kilichoandikwa mle kimeshapita juu ya mizani yetu. Tofauti ni kwamba kilipita bila jina, na mwaka mmoja kilipita kwa jina la wizi.

Julai 2022, tulipofungua msimu, kahawa aina ya arabika, hii tunayolima sisi, kwenye soko la New York ambalo bei yake wanunuzi wa mnada wetu huitazama, ilikuwa juu ya dola 2 kwa ratili, ile paundi ya uzito wanayopimia Wamarekani. Mwaka mmoja nyuma yake jalidi iliunguza mikahawa Brazil, kahawa ikaadimika duniani, bei ikapanda. Wakulima wetu waliingia msimu na matumaini makubwa. Wengine walishaahidi ada shuleni kwa mdomo. Malipo ya kwanza tuliyatoa kwa kutazama bei ile. Kufika Novemba mvua zilikuwa zimenyesha vizuri huko Brazil, wanunuzi wakaona mavuno yajayo yatakuwa mengi, bei ikashuka hadi karibu dola 1.60. Kahawa yetu nyingi iliingia mnadani Moshi katika miezi hiyo ya mwisho.

Malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, yakawa kidogo mno. Kwenye mkutano mkuu akasimama mzee mmoja, meku kama tunavyowaita wazee huku Uchagani, ambaye alikuwapo kanisani siku ya kipaimara changu, akaegemea fimbo yake akasema: "Karani, sisi hatukusoma, lakini kuibiwa tunakujua." Watu wakapiga makofi. Mkononi nilikuwa na kila karatasi: kilo zilizopokelewa, kilo zilizotoka kiwandani baada ya kukobolewa, makato, bei ya kila loti, yaani kila fungu la kahawa lililonadiwa. Hesabu ilikuwa sawa hadi senti. Lakini hesabu yangu ilianzia Moshi, na swali la mzee jibu lake lilikuwa Brazil. Sikuwa nalo. Nilikaa chini, na wiki mbili sikwenda sokoni kwa kuogopa macho ya watu.

Ni kwa daftari la kijana wetu ndipo nilipopiga hesabu ile upya, nikaweza kuifuata mwanzo hadi mwisho. Kilo moja ni ratili 2.2. Senti 50 zikishuka kwa ratili, kilo moja ya kahawa safi imepoteza zaidi ya dola 1. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,300 na ushei. Kilo 100 za maganda zikikobolewa zinatoa kilo 80 hivi za kahawa safi, kwa hiyo kila kilo ya maganda ilikuwa imepungukiwa kama shilingi 2,000. Mkulima aliyeleta kilo 150 alipungukiwa shilingi 300,000. Hiyo ndiyo fedha meku aliyokuwa akiidai kwangu. Hesabu yake haikuwa mbaya hata kidogo. Alikuwa sahihi kwamba imepotea, ila hakuna aliyemwambia ilipopotelea.

Mwaka huohuo, Urusi ilipoivamia Ukrainia mwezi Februari, mbolea ilipanda hadi watu wakaacha kuweka, mpaka ruzuku ya Serikali ilipoanza mwezi Agosti. Mkulima yuleyule akabanwa pande zote mbili, na sisi ofisini tukawa tunajibu, "Ndivyo soko lilivyo." Najutia jibu hilo.

Kuna na hili la shilingi, ambalo ni gumu zaidi kulieleza. Katikati ya 2024 dola ilikuwa imevuka shilingi 2,600. Mwisho wa mwaka uleule ilikuwa karibu 2,400. Redioni tulipongezwa kwamba shilingi yetu imeimarika, na kwa anayeagiza mafuta na dawa ni heri kweli. Lakini kahawa yetu mnadani ilikuwa ikinadiwa kwa dola. Loti ikiuzwa dola 5 kwa kilo, kwa dola ya 2,600 ni shilingi 13,000, kwa dola ya 2,400 ni shilingi 12,000. Mnunuzi ni yuleyule, kahawa ni ileile, bei haijabadilika hata senti, na mkulima amepungukiwa shilingi 1,000. Mweleze hivyo mtu aliyetoka kumsikia mtangazaji akifurahia, uone atakavyokutazama.

Februari 2025 bei ya New York ilivuka dola 4 kwa ratili. Habari ilitangazwa, na wakulima wakaja ofisini wakiwa wamejaa tabasamu. Lakini kwetu kahawa huchumwa kuanzia Julai, na mwisho wa mwaka mikahawa inakuwa imebaki majani. Walanguzi wenye pikipiki walishapita kihamba kwa kihamba, haya mashamba yetu ya kuzunguka nyumba, wakalipa taslimu, kwa bei ambayo mkulima aliiona nzuri kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kulinganisha nayo. Siwalaumu waliouza. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, huwezi kusubiri mnada.

Sasa niseme juu ya sheria ya Umoja wa Ulaya, maana inazungumzwa vibaya sana vijijini. Sheria hiyo, iliyopitishwa 2023, inasema kahawa itakayoingia Ulaya ionyeshe shamba ilikotoka, na shamba hilo lisiwe limefyekwa kutoka msituni baada ya Desemba 31, 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa mara mbili, lakini wanunuzi wameshaanza kudai alama za mashamba. Shamba dogo linatosha kwa nukta moja ya setilaiti, latitudo na longitudo, tarakimu 6 baada ya nukta ya desimali. Kwa hiyo mimi na kijana mmoja wa chama tulizunguka vihamba na simu.

Kwa bibi mmoja mjane tulifika saa nne asubuhi. Kihamba chake hakifiki ekari: migomba juu, mikahawa chini yake, magimbi kando ya mfereji, mringaringa mkubwa katikati. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Alituacha tusimame katikati ya shamba na simu, akaja taratibu na panga lake mkononi. "Mwanangu, unampimia nani shamba langu?" Nikamwambia, wanunuzi wa Ulaya, wanataka kuhakikisha hatukukata msitu. Akatazama juu. "Msitu? Mringaringa huu aliupanda mume wangu mwaka tulipooana. Na mpaka wangu ni hayo masale. Hao watu hawajui masale?" Kwa msomaji wa mbali: sale ni mmea tunaoupanda mpakani, ndio huohuo tunaombea msamaha, na kwetu kung'oa sale la jirani ni kosa zito kuliko kuchana hati. Bibi aliona tunahamisha mpaka wake kuuingiza kwenye simu. Nusu saa tulikaa kwenye kigoda chake tukieleza. Mwishoni alikubali, lakini kwa sharti kwamba nimwandikie kwenye karatasi namba za nukta yake, azitunze kwenye sanduku la nguo pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha ndoa. Nilimwandikia.

Mimi siipingi sheria hiyo. Msitu wa mlima huu ndio unaotupa maji ya mifereji, na vihamba vyenye miti kama cha bibi yule ni vya kuigwa na dunia. Ninachosema ni kwamba kazi ya kueleza imeachwa kwa karani mwenye simu, na gharama ya kuzunguka imeachiwa chama. Anayenunua angechangia, na anayetunga mitaala angeileta habari hii darasani kwa Kiswahili kabla haijatufikia mlangoni ikionekana kama unyang'anyi wa ardhi.

Niongeze kidogo kuhusu jina. Japani arabika yetu ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ile ya Mbinga na Mbozi iliyolimwa mbali kabisa na mlima. Nilipowaambia wakulima hilo walishangaa, kisha wakakaa kimya kidogo, kisha swali likaja kutoka nyuma: "Na jina letu wanalipia bei gani?" Ningependa wanafunzi wa biashara wa nchi hii wapewe swali hilo kama kazi ya muhula mzima, waje na majibu hapa kwenye mizani.

Sasa ombi langu, Mhariri. Gazeti lako huchapisha viwango vya kubadilisha fedha. Naomba chini ya jedwali hilo, kila Jumatatu, muongeze mistari minne: bei ya arabika New York wiki iliyopita, bei ya robusta, ile aina nyingine ya kahawa, kwenye soko la London kwa ajili ya ndugu zetu wa Kagera, bei ya wastani ya mnada uliopita wa Moshi wakati wa msimu, na sentensi moja ya Kiswahili inayosema kwa nini imepanda au imeshuka. Kama ni ukame Minas Gerais huko Brazil, semeni ukame. Kama ni meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa kuogopa mashambulizi ya Bahari ya Shamu, semeni hivyo. Bodi ya Kahawa nayo naiomba iviagize vyama vyote vya msingi kubandika bei hizo ukutani, pale mkulima anapotua gunia.

Kwetu nimeshaanza. Nimepaka rangi nyeusi kipande cha mbao, nimekitundika juu ya mizani, na kila Ijumaa naandika kwa chaki bei ya New York, bei ya dola, na hesabu ya kilo moja ya maganda ikigeuzwa shilingi, hatua kwa hatua. Bei naitoa kwenye simu ya kijana wa dada yangu, anayenitumia kutoka chuoni. Akiwa na mitihani, ubao unakaa na bei ya zamani.

Wiki iliyopita yule meku aliyeniambia tunaibiwa alikuja na mjukuu wake wa darasa la sita. Akamsimamisha mbele ya ubao, akamwambia anakili yote kwenye daftari lake la hesabu, asiache nukta. Kisha akanigeukia akauliza kwa nini imeshuka senti 12 tangu Ijumaa ile nyingine. Nilikuwa bado sijajua. Nikamwahidi kwamba nitampa jibu Jumatatu.

Karani wa AMCOS,
Moshi Vijijini, Kilimanjaro