Asubuhi zako mpe nyanyako

Naivasha, mwisho wa Januari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, ila miguu inauma maana msimu wa Valentine umefika. Kuanzia sasa hadi wiki ya pili ya Februari hakuna kupumzika. Waridi zinakatwa asubuhi na jioni, malori yanapanda kwenda uwanja wa ndege Nairobi usiku na mchana, na ruhusa hakuna anayethubutu kuomba.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi. Ningekutumia ujumbe kwa simu ungeusoma ukiwa kitandani, halafu kidole kingehamia mambo mengine kabla hujafika katikati. Barua hii nampa kondakta wa basi la Busia. Utaipokea stejini Luanda pamoja na mfuko, na kilichomo nitakueleza.

Hongera tena kwa matokeo. Siku ile nilishindwa kuzuia machozi mbele ya wenzangu, nao wakanishangilia kana kwamba mtihani niliufanya mimi. Sasa kuna miezi mingi kabla chuo hakijakuita. Kuna mambo ya KUCCPS ya kuchagua chuo, kuna maombi ya mkopo wa masomo wa HELB, na hayo yote yanafanyiwa kwenye intaneti. Yafanye kwa wakati wake, tena usichelewe. Simu nilikununulia mwenyewe na sina nia ya kukunyang'anya.

Lakini nilimpigia nyanyako Jumapili, nikamuuliza unaendeleaje. Usimkasirikie, hakukuchongea, nilimuuliza akanijibu. Akasema unalala jogoo wakiwika na kuamka saa tano jua likiwa kali. Akasema usiku anaona mwanga chini ya blanketi na anakusikia ukicheka. "Anacheka na nani?" akaniuliza. Nilikosa la kumjibu. Kisha akasema jambo lililoniuma zaidi, na alilisema kama kitu cha kawaida tu, kwamba maji ya bustani anateka mwenyewe kisimani.

Baba, mtungi wa lita 20, kilima kile, na magoti yake. Kuanzia siku utakayosoma barua hii, maji ni kazi yako. Hapo sijadiliani nawe.

Mengine nataka tuzungumze.

Watu wakisikia nafanya kazi ya maua wanadhani nakata au nafunga. Mimi ni skauti, yaani mkaguzi wa wadudu kwenye mimea. Asubuhi tukiingia, simu zinabaki kwenye kabati, na kila mmoja wetu anachukua lenzi ndogo na karatasi. Natembea kati ya mistari, nainama, nageuza jani, natazama upande wa chini. Ninachotafuta ni utitiri mwekundu. Ukubwa wake haufiki hata milimita moja. Juu ya jani utaona vidoa vya manjano, vidogo kama vimechomwa na sindano, na mwenyewe yuko chini anafyonza. Joto likizidi na hewa ikikauka, yai linakuwa mdudu mzima kwa muda wa wiki moja hivi, kisha naye anataga. Ukingoja mpaka uone utando kama wa buibui kwenye ncha, umechelewa, ile grinhausi itakusumbua msimu mzima.

Tena kuna utitiri mwingine unaokula huo mbaya. Makampuni hununua na kuumwaga juu ya mimea kama askari. Wote ni wekunduwekundu na wote ni wadogo. Namna ya kuwatofautisha haraka ni mwendo: mharibifu hutulia akila, mlinzi hukimbia huku na huko akiwinda. Vijana wengi wapya hupita mstari mzima wakaandika "hakuna kitu" mahali ambapo mimi nimehesabu majani kadhaa yenye mayai. Wana macho mazuri kuliko yangu, ila hawajazoea kuyatuliza mahali pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akishainama akae hapo kidogo.

Utitiri nilikutana nao huku Naivasha, lakini kutazama nilifundishwa na nyanyako. Nilipokuwa mdogo akinituma kuchuma managu na mboga nyingine za kienyeji, nikirudi alikuwa haulizi nimechuma kiasi gani. Aliuliza jani la chini lina nini, mboga ya saga imeanza kutoa ua, nani amekula mboga ya mito. Nikisema sijui, narudi. Nilimwona mkali. Sasa mshahara ninaolipwa, ule ule uliokulipia karo, unatoka kwa maswali yale.

Na sikiliza hili, maana wewe unapenda sayansi. Mwaka 2007 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Egerton hapo Njoro, walichapisha utafiti kwamba saga ikipandwa katikati ya waridi hupunguza utitiri mwekundu. Harufu ile kali ya saga, inayokufanya ukunje uso ukiichambua, wadudu hao hawaipendi. Saga hii hii ya nyanyako! Nilipoisikia habari hiyo nilitamani kuondoka kazini siku hiyo hiyo nikamwambie. Kwa miaka mingi watu walizidharau mboga zetu wakaziita magugu au chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha hapo jirani Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, alizitetea kwa utafiti mpaka mwaka 2010 akapewa tuzo ya sayansi ya Umoja wa Afrika. Kwa hiyo usione kama nakurudisha nyuma.

Kiangazi ndicho kipindi kizuri cha kujifunza bustani ile, kwa sababu bustani ni ndogo. Mvua ikianza Machi mtaingia kwenye mahindi na maharagwe, kazi itakuwa ya mbio. Sasa hivi kuna kile kipande cha karibu na kisima, kuna migomba inayokunywa maji ya vyombo, kuna nderema inayotambaa kwenye ua na yale matuta ya saga na managu. Mwagia asubuhi mapema au jioni, kwenye shina, siyo juu ya majani. Kata nyasi kavu, tandaza kati ya mistari, unyevu utakaa na maji utakayobeba yatapungua. Saga ikifika shibiri moja, bana ncha ya juu. Itatoa matawi ya pembeni na itachelewa kutoa maua, mtachuma kwa muda mrefu. Usipobana inakimbilia ua, majani yanakuwa madogo na machungu, na hata maziwa hayawezi kuyaokoa.

Kitu kimoja nataka ujifunze kuliko vyote ni mbegu. Nyanyako hanunui mbegu za mboga. Kila msimu anachagua miche iliyo bora, ile yenye majani mapana, isiyoguswa na wadudu, iliyochelewa kutoa maua, na hiyo haichumwi hata kama mboga imekosekana nyumbani. Maganda ya saga anayakata yakigeuka manjano, kabla hayajapasuka yenyewe, tena asubuhi umande ukiwepo ili yasimwagike. Anayaanika kivulini juu ya kitambaa. Managu anangoja tunda liive kabisa, analiponda ndani ya maji, mbegu zinazama, anamwaga makapi, anaosha tena na tena. Mrenda una mbegu ngumu inayokataa kuota, kwa hiyo anaifunga kwenye kitambaa na kuichovya kwenye maji ya moto kwa muda mfupi sana kabla ya kupanda. Mfupi kiasi gani? Hapo ndipo mimi sijui kama yeye anavyojua. Yeye huhesabu kimoyomoyo, na kila mara inaota. Mbegu mpya ya saga nayo haipandwi mara moja, inaachwa ilale miezi kadhaa kwanza. Zote zinachanganywa na jivu na kuwekwa kwenye vile vibuyu vilivyoning'inia jikoni juu ya moshi.

Hakuna mahali pengine mambo hayo yameandikwa kwa namna anavyoyajua yeye, kwa udongo wa pale, kwa kisima kile. Ukitafuta kwenye intaneti utapata mtu wa mbali akieleza shamba lake. Nyanyako yuko hapo, mita chache kutoka kitandani unapolala, na kila asubuhi anaingia bustanini peke yake. Sisemi hivi kukutisha, mwanangu. Nasema kwa sababu mimi nimefungwa na kazi huku, na wewe ndiye uliye karibu. Ningekuwa na hiyo miezi yako ningeitumia yote nikiwa nyuma yake.

Hata mvua usiitafute kwenye simu kwanza. Wazee wa ukoo wa Nganyi hapo kwetu Bunyore wametabiri mvua vizazi na vizazi kwa kutazama miti inavyochipua, ndege na wadudu, mpaka Idara ya Hali ya Hewa ikaja kukaa nao na kulinganisha utabiri. Nyanyako naye ana miti yake anayoiangalia. Muulize ni ipi. Muulize pia kumbikumbi hutoka kwenye kichuguu gani kwanza, maana nakumbuka alikuwa hakosei.

Sasa kuhusu simu. Umri wako hauhitaji mahubiri, kwa hiyo nitasema ninachojua. Zile video fupi zimetengenezwa zisiwe na mwisho. Gazeti unalimaliza, mechi ina filimbi ya mwisho, lakini hizo, moja ikiisha nyingine imeshaanza bila kukuuliza. Na ile programu inapima umeitazama video kwa sekunde ngapi, ikuletee inayofanana nayo. Kwa hiyo usiku ukijiambia "moja tu ya mwisho," unashindana na watu wanaolipwa ili usimalize. Si udhaifu wako. Ndiyo sababu nakuomba usitegemee kujizuia, weka simu mbali. Usiku ichajiwe sebuleni, siyo chini ya mto. Asubuhi usiwashe data mpaka saa nne. Wakati huo maji yameshamwagiwa, umeshazunguka bustani na nyanyako, umeshakunywa chai naye. Baada ya saa nne ni yako, ongea na marafiki, tazama mpira, soma mambo ya kompyuta unayoyapenda. Usiku saa tatu izime. Kubeti usiguse kabisa.

Najua unaweza. Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi mkakaa nyumbani mpaka Januari 2021, ulikuwa mtoto tu, lakini ulitengeneza kitalu chako cha managu nyuma ya jiko ukakizungushia miiba kuku wasiingie. Nyanyako alinipigia simu kunisimulia. Alisema ulikuwa unachuchumaa pale asubuhi hata kabla ya kunawa uso, unahesabu iliyoota usiku. Ulinitumia picha, miche yenye majani mawili mawili, na kidole chako kikionyesha mmoja uliokatwa na mdudu. Picha ile bado ninayo. Nimeionyesha skauti wenzangu, nao wakasema huyu mtoto ana jicho.

Mambo ya mfuko ni haya. Kuna gambuti, nimekadiria saizi yako kwa viatu vya shule, zikibana uniambie nitafute nyingine. Kuna daftari la kurasa 200. Kila asubuhi andika ulichoona na alichosema nyanyako, kwa maneno yake mwenyewe, hata akichanganya Kinyore acha hivyo hivyo. Na kuna lenzi, imefungwa ndani ya soksi. Ni yangu ya zamani, inakuza mara 10. Ishikilie karibu kabisa na jicho, kisha sogeza jani mpaka lionekane vizuri, siyo kusogeza lenzi. Anza na managu yale ya upande wa barabara, kule kunakokauka haraka. Chukua majani ya katikati ya mche, siyo machanga ya juu wala yaliyozeeka, geuza, tazama kando ya mshipa mkubwa. Ukiona vitone vyeupe vya mviringo, angavu kama maji, hayo ni mayai. Chuma majani hayo, yazike mbali, na mche umwagie maji kwa nguvu upande wa chini wa majani. Mpe nyanyako naye atazame. Kwa maisha yake yote amewajua wadudu wale kwa alama wanazoacha, hajawahi kuwaona wenyewe.

Niandikie mlichokiona. Tumia kalamu, mpe kondakta wa basi linalopanda huku, namba yangu iandike juu ya bahasha. Nataka kujua hasa kama miche ya upande wa barabara imeshambuliwa kuliko ile iliyo kati ya matuta ya saga. Hilo sijawahi kulichunguza pale nyumbani, na ninalifikiria hata nikiwa kazini.

Nikipata siku za Pasaka nitakuja. Hela ya sukari na mafuta ya taa nimetuma kwa namba ya nyanyako, mwambie aangalie, na umsaidie kuitoa pale dukani asiende peke yake.

Nakupenda sana, baba.

Mama yako