Binti wa jimnastiki anahitaji dari kabla ya pasipoti

Mhariri,

Tangu Darja Varfolomeev wa Ujerumani atwae dhahabu ya jimnastiki ya midundo katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 17, swali la wazazi hapa Malindi limekuwa moja: binti yangu viungo vyake vinakunjika kama ukindu, je, naye atafika huko? Tunaomba nafasi tuwajibu wote kwa pamoja. Watoto wenye viungo vyepesi Pwani wapo tele. Tunachokosa ni dari.

Binti anayecheza peke yake ana dakika moja na sekunde 15 hadi dakika moja na nusu, juu ya zulia la mita 13 kwa 13. Katika muda huo anatakiwa kurusha chombo chake (pete, mpira, virungu au utepe), azunguke mwili mzima angalau mara mbili kikiwa hewani, kisha akidake. Hesabu yake ni ile ya fizikia ya sekondari. Chombo kikipanda mita 5 juu ya mkono hukaa hewani sekunde mbili. Kikipanda mita 1.2 hukaa sekunde moja tu. Sasa pima darasa la kawaida: dari iko mita tatu hivi, na mkono wa mtoto wa miaka 12 ukinyooshwa unafika karibu mita 1.8. Inayobaki ni hiyo mita 1.2, na pete yenyewe inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Kwa sekunde moja hakuna anayezunguka mara mbili, akatafuta chombo kwa macho, akadaka. Atazunguka mara moja na nusu, kisha apapase.

Ubaya wa dari fupi hauishii darasani. Bega hujifunza kukatisha mrusho njiani. Mtoto aliyefundishwa miaka mitatu chini ya feni, ukimpeleka kwenye ukumbi wa mita kumi bado atarusha chini, hata kocha akipaza sauti vipi. Na waamuzi hawana huruma na hilo: chombo kikianguka ukakiokota papo hapo unakatwa alama 0.50, ukikifuata hatua moja au mbili, 0.70, hatua tatu na zaidi, alama moja nzima. Ukikanyaga nje ya mstari, 0.30 kila mara.

Wapo wanaosema tufundishe ufuoni, mchanga ni bure. Utepe wa mita sita una uzito wa gramu 35 tu au zaidi kidogo. Kusi ikishika, utepe huo unafuata upepo na kuuacha mkono. Asubuhi za maleleji, kati ya kusi na kaskazi, huwa shwari, kweli, lakini ni wiki chache. Mchanga nao humeza mruko, na kuzunguka juu ya kidole cha mguu hapo hakuwezekani. Lamu mambo ni magumu zaidi, kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio uliopanga upana wa vyumba vya mji wa mawe, mita mbili na nusu au tatu hivi. Hata msana, ule ukumbi mrefu wa nyumba kubwa, hautoshi kukunjua utepe. Jamvi ni zuri kwa kunyoosha miguu, lakini mtoto akizunguka juu yake linajikunja chini ya nyayo na kumwangusha.

Vifaa havitupi shida, maana vya mazoezi vinatengenezeka hapahapa. Pete hutakiwa kuwa na kipenyo cha ndani cha sentimita 80 hadi 90 na uzito usiopungua gramu 300. Paipu nyeusi ya maji ya nusu inchi, ukikata mita 2.7, inakupa pete ya kama sentimita 85. Ipime kwenye mizani. Kiungio kiwe kipande cha paipu nyembamba kilichoingia ndani. Ukikiunga kwa nje unaacha nundu, na pete ikibingirishwa mkononi itaruka kila nundu ikifika. Paipu pia hutoka dukani ikiwa imeviringwa, na isipolazwa usiku kucha chini ya ubao mzito hubaki imepinda kama chapati iliyoungua upande mmoja.

Utepe ni satini ya upana wa sentimita 4 hadi 6, mita 6 kwa wakubwa na mita 5 kwa vijana, kwenye fimbo ya sentimita 50 hadi 60. Upande wa fimboni kitambaa hukunjwa kiwe tabaka mbili, na sehemu hiyo isizidi mita moja. Mahali pa kuunganisha fimbo na utepe, nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi: kile kipande kidogo cha chuma kinachojizungusha, wanachokitia kati ya mshipi na ndoana ili mshipi usisokotwe, kinafanya kazi ileile hapa. Ukifunga kwa uzi mtupu, utepe utajisokota kabla ya mizunguko ishirini. Utepe kujifunga fundo kuna chanzo kingine. Mkono unaposita kati ya mzunguko mmoja na mwingine, mkia wa utepe unaendelea kuja, unapenya kwenye kitanzi cha mbele, na ukivuta umeshakaza. Dawa ni kifundo cha mkono kisichosimama. Baada ya mazoezi upigwe pasi na uviringwe. Ukikunjwa kama leso, kila alama ya mkunjo itaonekana hewani.

Kuhusu umri, wazazi wapige hesabu mapema. Daraja la vijana ni miaka 13 hadi 15. La wakubwa linaanza mwaka ambao binti anatimiza 16. Wengi wa wanaofika juu walianza wakiwa na miaka mitano hadi saba, na wengi huacha kabla ya kufika 25. Varfolomeev mwenyewe, mzaliwa wa Urusi, alihamia Ujerumani akiwa na miaka 12 akaendeleza mazoezi huko. Kwa Afrika, njia ya Olimpiki hupitia mashindano ya bara, na Misri ndiyo inayotamba: Habiba Marzouk alicheza Tokyo, Aliaa Saleh akacheza Paris.

Wanaouliza kuhusu stara wajue kanuni zinaruhusu vazi la kufunika mikono na miguu yote, mradi libane mwili. Na wale wanaotaja samaki mkunje angali mbichi huku wakimkalia mtoto mgongoni ili miguu ifunguke, waache leo hii. Maumivu ya kiuno yanayorudi kila akijipinda nyuma ni ya kupeleka kwa daktari, na msichana ambaye hedhi yake imekatika hapaswi kuongezewa saa za mazoezi wala kupunguziwa chakula.

Ombi letu kwa kaunti za Kilifi na Lamu ni dogo. Ukumbi wowote wa jamii utakaochorwa kuanzia sasa, vyuma vya paa vianzie mita nane kwenda juu, sakafu iwe na mita 15 kwa 15 zisizo na nguzo, na madirisha ya upande wa kusi yawe ya kufungika. Plaiwudi juu ya sponji, kisha zulia, vinaweza kutandikwa siku ya mazoezi na kuondolewa siku ya harusi. Taa zikae pembeni, maana anayetazama juu kutafuta chombo hutiwa kiwi na taa iliyo katikati. Na feni, tafadhali, zifungwe ukutani.

Walimu wa jimnastiki,
Malindi