Barua kwa shoga yangu wa Wete

Mwanakwerekwe, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika salama, haijafunguliwa na mtu. Huku sote hatujambo, alhamdulillah. Nasikia karafuu mwaka huu zimezaa, basi mkishauza usijifanye hunijui.

Umeniuliza kuhusu kikundi chetu cha wanawake tuliodhalilishwa kingono, tunakaa pale Jumamosi tunafanya nini hasa, na kama ni lazima kusema. Hilo la pili uliliandika, ukalikata, ukaliandika tena, nikajua ndilo lenyewe. Si lazima. Tunaye mama mmoja wa shamba, miezi mingi alikuja na kofia yake ya kushona, anasalimia, anakaa, anashona viua vyake mpaka tunaagana. Hakuna aliyemuuliza kitu. Siku moja, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, akasema: "Mimi alikuwa ami yangu." Sindano zote zikasimama. Mshauri akamuuliza kama anataka kuendelea au yatosha. Akasema yatosha. Basi mmoja akarudi kwenye kofia yake, na wengine wakafuata, chai ikamiminwa. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyemkumbatia kwa nguvu. Wiki iliyofuata alikuja mapema kuliko sote.

Karibu kila mtu huja na kazi ya mkono, kofia au ukili. Mikono ikiwa na shughuli, unaweza kusema neno zito bila kutazamana na mtu usoni.

Masharti ni machache. Linalosemwa halitoki nje. Ila akitajwa mtoto ambaye yumo hatarini sasa hivi, mshauri hawezi kunyamaza, na hilo alitwambia mapema kabla hatujafungua midomo. Hakuna kupeana nasaha. Hakuna "pole, ndiyo mitihani ya dunia." Na hakuna kuulizana kwa nini hukupiga kelele.

Hili la kelele najua linakutafuna, maana hata mama yako alikuuliza. Mshauri alitueleza kuhusu kliniki moja ya Stockholm, Sweden, inayopokea wanawake waliobakwa. Waliulizwa wanawake 298, na utafiti ukachapishwa mwaka 2017. Asilimia 70 walisema mwili uliganda wakati ule, mkono haukuinuka, sauti haikutoka. Mwili hufanya hivyo wenyewe ukiona hauna pa kukimbilia, mwenye mwili hakuombwa ruhusa. Nilipoyasikia hayo nilitoka ukumbini nikakaa barazani peke yangu kitambo. Miaka yote ile nilikuwa nikijishtaki kwa kosa lisilokuwepo.

Lakini usije ukadhani mtu anaingia kikundini moja kwa moja. Kwanza unaonana na mshauri nasaha, nyinyi wawili tu, tena na tena. Anataka kujua unalala vipi, na kama mtu yule bado anaingia nyumbani kwenu kwa salamu na mkono wa Idi, maana aliyeko motoni huzimiwa moto kwanza. Mimi nilifundishwa kujua linaloniamshia yale ya zamani. Kumbe ni harufu ya mafuta ya nywele fulani. Nikiipata dukani, mchana kweupe, miguu inalegea. Sasa nikiona inakuja nataja kimoyomoyo vilivyo mbele yangu: mizani, gunia la unga, paka wa muuza duka, bei ya sukari. Mpaka nirudi kuwa mtu mzima aliyetumwa sukari.

Najua atakayesikia atasema haya mambo ya wazungu, au umeshakuwa wa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. (Na aliyelazwa Kidongo Chekundu naye hana la kuona haya, lakini hilo tuliache.) Mwambie basi habari za Kivu, mashariki ya Kongo. Huko vijiji vingine vilipewa vikundi vya tiba kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, na vingine vikapewa msaada wa mtu mmoja mmoja tu. Waliowaongoza walikuwa wanawake wa kwao waliofunzwa kazi hiyo, si madaktari. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, kwenye vikundi, wenye dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9. Kwa wale wengine, 42. Na hawakukaa kulia tu. Walifunzwa kulikamata wazo kama "nilijitakia" na kulihoji: nani kasema, ushahidi wake uko wapi?

Kuhusu sitara uliyoniandikia, kwamba mambo haya hufunikwa, nenda kasome Suratun Nisaa, aya ya 148. Mwenyezi Mungu hapendi uovu utangazwe kwa maneno, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Tumelelewa na nusu ya kwanza ya aya hiyo, shoga yangu. Muhali, kule kuoneana haya tusivunjiane heshima, umewasitiri wengine, sisi hatukusitiriwa.

Nina moja la kukutahadharisha. Ukialikwa kwenye kikao chenye bango ukutani, fulana za bure na mpiga picha, na ukaombwa "kutoa ushuhuda" mbele ya wageni, chukua buibui lako uondoke. Hiari yako ilishachukuliwa mara moja, asiichukue tena mtu wa kamera.

Kikundi si mahakama pia. Wapo wenzetu walioshitaki, na tangu 2021 kuna mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Wapo wasiotaka, na hawasukumwi. Kwa wasichana wa hapo kwenu, lakini, weka kichwani: likitokea, hospitali kwanza, asioge, na isipite saa 72, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi baada ya hapo haifai kitu. Namba ya kupigia kwa ajili ya mtoto ni 116, haikati pesa.

Wewe mwenyewe unaweza kuanzia kituo cha mkono kwa mkono pale hospitali ya Chake Chake. Chini ya paa moja wamo daktari, polisi na mshauri, ndiyo maana wengi wanakiogopa. Mwambie mapema huyo wa mwanzo kukupokea kwamba unataka mshauri tu. Kama unahofia kukutana na binamu yako kwenye benchi, na Pemba hilo halikosi, njoo Unguja. Kwa mumeo sema unakuja kunitazama, na kweli unakuja kunitazama. Nitakungoja Malindi bandarini.

Kunijibu niandikie, usipige. Simu yangu watoto wanaichezea mchana kutwa.

Ni mimi, shoga yako